Jino la Shemeji na Tumbawe la Daktari

Wapo waliojaliwa sauti ya kuimba, na wapo waliojaliwa miguu ya kukimbia. Shemeji alijaliwa mdomo. Ulikuwa mdomo mpana, wenye meno meupe yaliyopangana vizuri, na kwa tabasamu la mdomo huo alikuwa ameshauza kiwanja kilichokuwa katikati ya barabara, boksi tupu la saa, na siku moja ya neema, jenereta la jirani mbele ya jirani mwenyewe. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelijua. Alimwita kila mtu shemeji, na mtu akiitwa shemeji huona haya kuuliza ni dada yake yupi aliyeolewa na huyu bwana. Akija kumaliza kuona haya, mfuko wake umeshakuwa mwepesi.

Siku mambo haya yalipoanza, aliingia kwenye duka la samaki wa mapambo kwa sababu ya mvua tu. Alisimama karibu na mlango akijifanya anatazama samaki, huku akitazama wateja. Mwenye duka, mama mmoja mwenye mikono iliyokauka kwa chumvi, alikuwa anamhudumia bwana mwenye suti. Alimuuzia tangi kubwa la kioo. Akamuuzia mchanga mweupe. Akamuuzia mawe, mawe hasa, ya kupima kwa kilo, pamoja na mfuko wa chumvi. Bwana akauliza, "Na samaki?"

"Samaki bado," mama akamjibu. "Unajaza maji, unakoroga chumvi, unapanga mawe, unawasha pampu, halafu unasubiri wiki sita. Maji lazima yakomae. Ukitia samaki kabla, utawazika."

"Sasa hizo wiki sita ninatazama nini?"

"Mawe."

Shemeji alirudi nyuma hatua moja, ampishe bwana yule afanye fujo. Bwana hakufanya fujo. Alilipa, akashukuru, akabeba mawe yake mwenyewe hadi kwenye gari huku mvua inamnyeshea.

Shemeji alimfuata kwa macho hadi gari likaondoka. Miaka ishirini alikuwa akiwaingiza watu mjini, na hajapata kuona kazi safi kiasi kile. Kumuuzia mtu mzima maji na mawe, kumwambia asubiri mwezi na nusu, naye akasema asante! Katika wiki sita mtu mwenye nauli anaweza kuhama miji mitatu na kufuga ndevu. Alimtazama mwenye duka kwa heshima, karibu ampigie magoti. Kwamba mama yule alikuwa amesema kweli tupu, kwamba maji ya tangi hukomaa kwa vijidudu visivyoonekana ambavyo hukaa ndani ya mawe na kula uchafu wa samaki, ni jambo ambalo halikumpitia kichwani hata kidogo.

Mvua ilipokatika, tayari alikuwa ameshamchagua wa kumpiga.

Ghorofa ya pili ya jengo la jirani kulikuwa na kliniki ya meno. Daktari wake alisifika kwa mikono myepesi na roho nzito. Uliingia na jino moja bovu, ukatoka na orodha ya saba. Chumba chake cha kusubiria kilikuwa na viti tisa vya plastiki, kalenda ya mwaka juzi, na ukuta mrefu mtupu ambao Shemeji, siku aliyopita pale kuomba maji ya kunywa, aliuona ukimwita. Mapokezi alikaa shangazi yake Daktari, mwanamke mkavu mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Mji mzima ulimwita Shangazi.

"Shemeji yangu!" Shemeji akaanza, mikono imefunguka.

Shangazi akamtazama kwa miwani ya puani, kisha kwa ile ya kichwani. "Shemeji kwa dada gani? Ninao watatu, na harusi zote nilipika mimi."

"Basi ni kwa upande wa kaka."

"Sina kaka mwingine zaidi ya marehemu baba yake huyu. Keti, utaitwa."

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwisho. Lakini Daktari alikuwa ametoa kichwa mlangoni, na Shemeji akakifuata kichwa hicho hadi ndani, akaufungua mdomo wake. Alizungumza robo saa. Alimweleza Daktari jinsi mgonjwa anavyotulia akitazama bahari ndogo ukutani, na jinsi mgonjwa aliyetulia asivyouliza bei. Macho ya Daktari yakaanza kung'aa. Ndipo Shemeji akashusha habari nyingine aliyoiokota dukani siku ya mvua na kuiona kuwa uongo mnono kuliko wote.

"Halafu kuna matumbawe, Daktari. Yale mawe yenye uhai. Unakata kitawi, unakibandika kwenye kijiwe, kinaota. Ulikuwa na moja, sasa una mawili. Unakata tena, una manne. Watu wenye tangi majumbani wanagombania."

"Kukata kwa nini?"

"Kwa kitu chochote chembamba chenye makali kinachozunguka kwa kasi."

Daktari akageuza shingo taratibu, akaitazama mashine yake ya kutobolea meno. Shemeji aliona mwenyewe jinsi samaki alivyomeza ndoana, akajipongeza kimoyomoyo.

Malipo ya awali yalitoka siku hiyohiyo. Shemeji alinunua tangi kuukuu lililozibwa kona moja kwa gundi, na mawe ambayo mwenye duka alikuwa ameyatupa kwenye pipa nyuma ya duka kwa sababu yalijaa wadudu. Asubuhi iliyofuata alikuwa kliniki na bomba la maji, mikono ya shati imekunjwa, mbele ya wagonjwa sita na Shangazi. Mpango ulikuwa rahisi. Ajaze maji, apange mawe, awaambie wasubiri wiki sita, achukue nusu ya pili, aingie mitini.

Kilichobaki ni kufungua mfuko wa chumvi. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi mgumu. Shangazi akamsogezea mkasi. Shemeji, ambaye hakuweza kupita mbele ya hadhira bila kufanya mbwembwe, akasukuma mkasi kando, akaupeleka mfuko mdomoni na kuuvuta kwa meno.

Sauti iliyosikika ilikuwa ndogo tu. Jino lake la mbele, lile la katikati, lile lililokuwa likiongoza mengine katika tabasamu, lilikatika karibu na fizi na kuzama ndani ya chumvi.

Kisha Daktari akatokea mlangoni akiwa anavaa glavu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo daktari hapaswi kuionyesha.

"Kaa," akasema.

Alikuwa mwema siku ile, Daktari. Alimchoma sindano, akasafisha, akajaza sinia dogo kwa uji wa waridi na kumwambia aung'ate ili apate umbo la meno yake yote ya juu. Kisha akambandika jino la muda. Ndani ya kioo lilionekana zuri kabisa.

"Hili litakaa wiki mbili hivi, halafu unakuja nalibandika tena," Daktari akasema. "La kudumu ninalitengeneza. Nitakupachika bure, na nusu yako ya pili nitakupa, siku nitakapoona samaki wanaogelea."

"Lakini Daktari, si nilikuambia wiki sita?"

"Uliniambia. Maji lazima yakomae." Daktari akatabasamu. "Basi na jino likomae."

Shemeji alitoka akijiapiza kwamba hatarudi. Jino ni jino, liwe la muda au la milele. Siku ya kumi na tatu alikuwa upande wa pili wa mji, ofisini kwa mfanyabiashara wa mbao, akimuuzia hisa za daraja ambalo halikuwepo. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mfanyabiashara alikuwa ameshafungua kabati. "Shemeji," akasema Shemeji, akainama mbele kwa lile tabasamu lake la kumalizia kazi, "siku ya siku, sisi sote..." Na jino likatoka kwenye neno *sisi*, likaruka juu ya meza, likatua ndani ya kikombe cha chai cha mfanyabiashara.

Yule bwana alitazama chai. Akamtazama Shemeji. Akafunga kabati.

Bila jino lile maneno ya Shemeji yalitoka na mluzi. Alijaribu kwa muuza vitambaa, na muuza vitambaa akacheka hadi akalia. Alijaribu kwa mzee mmoja kiziwi, na mzee akasema, "Pole, baba," akampa sarafu. Daktari wa meno wa mtaa wa pili alitaka fedha taslimu kabla hata ya kumwambia afungue mdomo, jambo ambalo Shemeji aliliona ni ukosefu mkubwa wa imani. Siku ya kumi na tano alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kwa Shangazi, ameziba mdomo kwa kitambaa.

Huo ndio ulikuwa mtego, na mtu anayeishi kwa kutega aliujua alipouona. Mdomo wake ulikuwa duka lake, shamba lake na cheti chake cha shule. Bila jino la kudumu alikuwa mtu wa kawaida, tena asiye na kazi. Na jino la kudumu lilikuwa upande wa pili wa samaki.

Ikabidi basi tangi lifanye kazi.

Alirudi kwa mwenye duka la samaki, safari hii bila mvua, akauliza maswali ya kweli. Mama akamjibu yote huku akishangaa mtu aliyeweka tangi kabla ya kujua lolote kulihusu. Akamweleza kwamba maji yakipungua kwa jua na joto, chumvi haipungui, kwa hiyo unaongeza maji baridi matupu, si ya chumvi. Tangu arudi kliniki, Shemeji alikuwa akiongeza ya chumvi, kwa ndoo. Akamweleza kwamba mwani wa kahawia ungefunika kila kitu, kioo kigeuke choo cha stendi, halafu siku moja uondoke wenyewe. Shemeji alidhani anafarijiwa tu. Wiki ya tano mwani ukaja hadi wagonjwa wakahama viti. Wiki ya saba ukaondoka wenyewe.

Wiki hiyohiyo samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, waliingia majini na hawakufa. Wagonjwa walipiga makofi. Shemeji alimgeukia Daktari, akajigusa jino.

"Samaki nimeona," Daktari akasema. "Hongera sana. Lakini wewe uliniambia matumbawe." Akachukua kalamu nyekundu ya kuwekea alama meno ya wagonjwa, akachora mstari kwenye kioo, kama kidole kimoja na nusu juu ya mawe. "Tumbawe likifika hapa, unapata jino na nusu yako siku hiyohiyo. Neno langu."

"Neno lako ulishanipa mara ya kwanza."

"Sasa unayo mawili," Daktari akasema, akaingia ndani kung'oa.

Ndipo ukaanza muda ambao Shemeji, miaka mingi baadaye, angekataa kwamba uliwahi kuwepo. Kila asubuhi alipanda ngazi na kupima chumvi kwa kipimo cha kioo. Kila Jumatano alitoa ndoo mbili za maji na kuingiza ndoo mbili mpya. Alisugua kioo kwa kadi ya zamani ya miadi aliyopewa na Shangazi. Alipanda kitawi cha tumbawe la zambarau, kirefu kama kidole, akakigeuza hivi na vile mpaka mkondo wa pampu ukakipuliza sawasawa, na wagonjwa wakaanza kumuuliza mambo. Naye aliwajibu. Kitu cha ajabu ni kwamba aliwajibu ukweli, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa unatosha kuwaacha mdomo wazi.

Siku moja alimkuta kamba mwekundu mwenye masharubu, aliyemnunua awasafishe samaki, amelala chali kwenye mchanga, mtupu, mwepesi, hana uhai. Shemeji aliumia. Aliona haya kuumia, lakini aliumia. Akakimbia dukani na fedha yake mwenyewe, akanunua kamba mwingine kabla Daktari hajafika kazini, akamtumbukiza. Yule wa kwanza akatoka nyuma ya jiwe kumsalimia mgeni. Alikuwa amejivua ganda la zamani tu na kuliacha pale mchangani.

"Leo umetapeliwa na mdudu," Shangazi akasema bila kuinua macho kwenye daftari.

"Umejuaje kwamba alikuwa hai?"

"Nilimwona. Nikataka nione utafanya nini."

Shemeji hakuelewa kwa nini hilo lilimfanya Shangazi atabasamu.

Lililomnyima raha lilikuwa tumbawe. Lilikuwa na afya, rangi yake ilikuwa inawaka, na kila wiki lilikua. Alikuwa analiona likikua. Ijumaa lilikuwa limebakiza unene wa kucha kuufikia mstari. Jumatatu lilikuwa fupi. Mara ya kwanza alidhani macho yake yamechoka. Mara ya tatu alimwita Daktari.

"Limekufa nchani," Daktari akasema kwa huzuni, akichungulia. "Utunzaji, ndugu yangu. Utunzaji." Kisha akambandika jino la muda kwa mara ya saba.

Shemeji alilaumu taa, akalinunulia tangi taa nyingine. Alilaumu chokaa ya majini, akaanza kuipima. Mwishowe, alipoona mwezi unakatika, akaenda dukani na kununua vitawi vitatu vya zambarau vilivyobandikwa kwenye vijiwe, akavipachika pembeni ya tumbawe lake ili visukumane nalo kwenda juu. Jumatatu iliyofuata navyo vilikuwa vifupi.

Ukweli ulimkuta asubuhi moja ya Jumanne, dukani, alipokwenda kununua chumvi. Kwenye tangi la kuuzia, mstari wa mbele, kulikuwa na tumbawe la zambarau ambalo halikubandikwa kwenye kijiwe. Lilikaa juu ya kitu cha waridi, chenye upinde. Shemeji akasogea. Kilikuwa plastiki ile ya fizi za meno ya bandia, na juu yake kulikuwa na meno, taya zima la juu, limekaa mchangani likiutazama mlango. Tumbawe lilikuwa limeota kwenye pengo la katikati.

Hakuhitaji kuambiwa. Mtu anayajua meno yake. Lile la nyuma kabisa lililokaa upande kidogo lilikuwa lake, na pengo lilikuwa lake.

"Ah, hilo!" mwenye duka akasema. "Limekaa kule nyuma mwezi mzima, leo ndiyo nimelileta mbele. Wateja wanasema linawacheka. Lakini mkataji wake ana mikono mizuri, tazama kata ilivyo laini. Ni daktari mmoja wa meno hapo jirani, huniletea kila Jumatatu asubuhi. Amewahi kuishiwa vijiwe, ndiyo akatumia hilo."

Shemeji akamgeukia. "Mama. Vile vitatu nilivyonunua kwako mwezi uliopita?"

"Hivyo pia ni vyake."

Kwa hiyo Daktari alikuwa anakata tumbawe Jumapili, kliniki ikiwa imefungwa, kwa mashine ya kutobolea meno. Anamuuzia mama Jumatatu. Na Shemeji, mtu aliyeuza barabara, alikuwa amenunua matawi ya tumbawe lake mwenyewe, akayarudisha kwenye tangi lilelile ili yakatwe tena. Alisimama pale katikati ya duka na kwa mara ya kwanza akajua wale mashemeji wake wote walivyojisikia. Haikuwa hali nzuri.

Alinunua taya lake. Mama akamfungia kwenye mfuko wa maji.

Alipanda ngazi mbilimbili, akaingia chumba cha kusubiria kilichojaa hadi mlangoni, akainua ule mfuko juu kila mtu auone. "Mabibi na mabwana!" akanguruma. "Mnamjua huyu daktari wenu? Huyu ni mwizi! Huyu ni tapeli, msssh..."

Jino likatoka. Liliruka juu ya kichwa cha mama mwenye shavu lililovimba, likatumbukia kwenye tangi, likashuka taratibu. Mmoja wa wale kamba wekundu akaja, akalipapasa kwa masharubu, akalishika na kuingia nalo pangoni.

Kilichofuata hakikuwa kicheko. Mama mwenye shavu lililovimba alimtazama Shemeji mdomoni, akauliza, "Jino hilo ni la daktari huyuhuyu?" Shemeji akatikisa kichwa kukubali. Mama akasimama, akachukua mkoba wake. Mzee aliyekuwa pembeni yake naye akasimama. Viti viwili zaidi vikalia.

"Daktari!" Shangazi akaita, sauti yake kali. "Njoo umpachike mtu jino. La kudumu. Sasa hivi."

Daktari alitoka, akauona mfuko, akawaona wagonjwa wamesimama. Akafungua droo ya chini. Humo mlikuwa na kikasha kidogo, na ndani ya kikasha kulikuwa na jino jeupe, zuri, limekamilika. Karatasi yake ilikuwa na tarehe ya mwezi wa pili tangu Shemeji alipolikata la kwanza.

Shemeji alitaka kusema mambo mengi sana kuhusu tarehe hiyo. Lakini alikuwa ameshalazwa kitini, pamba mbili zimeshapandwa pande zote za mdomo, na bomba la kufyonzea mate limening'inia katikati.

"Sasa tuongee kiungwana," Daktari akasema akichanganya gundi. "Mimi nimekosa. Wewe nawe ulikuja kuniibia, tangi kuukuu na mawe ya kutupa, mama wa duka aliniambia. Tumelingana. Ila tangi limekua zuri kwa mikono yako. Utaendelea kulitunza?"

"Aaaah!" Shemeji akasema, macho yamemtoka.

"Amekubali."

"Amekubali," Shangazi akarudia, akaandika.

"Kila siku isipokuwa Jumapili?"

"A-a! A-a!"

"Amesema mara mbili," Shangazi akasema. "Na Jumapili vilevile."

"Matawi tutagawana?"

"Aaaa?"

"Nusu kwa nusu," Shangazi akaandika, na kwa hilo hata Daktari akageuka kumtazama. "Usinitazame hivyo, wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nakufungulia mlango kila Jumapili, nayaona yote. Pachika."

Jino likapachikwa. Daktari akalibana, akalipiga taa ya buluu ya kukausha gundi, akatoa pamba, akamshikisha kioo. Shemeji alijitazama. Akatabasamu kidogo, kisha sana. Lilikuwa lile tabasamu lake la zamani, na pengine zuri zaidi. Akaligonga jino kwa ukucha. Lilikuwa imara kuliko nyumba nyingi alizowahi kuuza.

Alishuka kitini bila neno. Karatasi aliyoandika Shangazi haikumtisha, kwa maana makubaliano ya *aaaa* hayajawahi kumfunga mtu wa fani yake, na sahihi yake haikuwepo. Alikuwa na mdomo. Alikuwa na mji mzima usiomjua, na mwingine baada ya huo, na huko mfanyabiashara wa mbao hajulikani. Alipita katikati ya wagonjwa waliokuwa wanarudi kwenye viti vyao, akiwapa tabasamu kulia na kushoto. Hakulitazama tangi. Alijikataza kulitazama. Akaufungua mlango, akakanyaga ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kisha akasikia kimya.

Kwa miezi mitano pampu ile ilikuwa ikinguruma taratibu, na hakuwahi kujua kwamba anaisikiliza. Sasa ilikuwa imezimika. Alisimama. Akajiambia kwamba samaki si wake. Akajiambia tumbawe linaweza kustahimili hata saa nzima. Akajiambia ni umeme tu umekatika, utarudi, na ngazi iliyobaki ni fupi. Halafu akawaona kichwani mwake wale wawili wa rangi ya chungwa wakipanda juu kutafuta pumzi, na yule mjinga wa kamba na jino lake pangoni, na moyo ukamwuma waziwazi, kwa namna ambayo hakuna shemeji yeyote aliyewahi kuuumiza.

Akarudi mbio. Akausukuma mlango kwa bega. "Nani amezima pampu?" akapiga kelele, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya lile jino jipya. "Nani? Hamna huruma nyie? Hivi ni viumbe hivi!"

Shangazi alikuwa amekaa palepale. Waya wa pampu ulipita juu ya meza yake, na plagi alikuwa ameishika mkononi.

"Ngazi tatu," akasema. "Daktari alisema utafika barabarani. Mimi nilimwambia hutamaliza hata ngazi za ghorofa yetu."

Shemeji akainyakua plagi, akaichomeka, akaegemea kioo hadi maji yalipoanza kuzunguka na samaki wakashuka chini. "Usirudie tena, Shangazi," akasema. "Tafadhali. Usirudie."

"Sirudii." Akamsogezea ile karatasi na kalamu. "Tia sahihi hapa chini."

Shemeji, ambaye alikuwa amewasainisha nusu ya watu wa mji, akaomba kwa mara ya kwanza maishani mwake aruhusiwe kusoma kwanza.

"Utasoma baadaye," Shangazi akasema, akabadilisha miwani. "Anayefuata!"